Anayekaa Nyuma

Nyangi alimwambia mumewe asimamishe pikipiki. Gisiri alidhani kuna kitu kimeanguka. Alipogeuka alimkuta mkewe amekwisha kushuka, ameshika kiuno kwa mikono miwili, anatafuta kwa macho mahali pa kulala. Alilala kwenye nyasi kando ya barabara, chali, magoti juu, katika gauni alilolipiga pasi asubuhi ile kwa ajili ya kwenda sokoni, akafumba macho.

Ilikuwa siku ya soko Kehancha na barabara ya mlimani haikukosa watu. Walipita wenye kuku, wenye ndizi, wenye kuvuta mbuzi. Kila aliyefika pale alipunguza mwendo. Waliomjua walisema, "Pole, Mama Elvis," wakasimama kidogo, wakaendelea na safari. Mwanamke mmoja asiyemjua alimuuliza Gisiri, kana kwamba mgonjwa hana masikio, "Ni pombe?"

"Ni mgongo," Nyangi alijibu palepale chini, macho bado yamefungwa. "Na wewe nenda, ndizi zako zitaivia njiani."

Kupanda tena hakukuwezekana. Gisiri alikwenda kuomba wilbaro kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa karibu, akarudi nayo ikiwa na saruji iliyokauka ndani. Walipokuwa wanahangaika namna ya kumlaza, akatokea Bichage, mdogo wake Gisiri, mwenye gereji kule chini barabara ya vumbi inapokutana na lami. Mtu alikuwa amempelekea habari.

"Shemeji, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimerushwa. Nimerushwa na hii pikipiki tangu nyumbani hadi hapa. Bichage, uliifanyia nini? Ilikuwa pikipiki, sasa imekuwa mawe."

Waliokuwa wamesimama pale walicheka. Bichage alimtazama kaka yake, akasubiri. Gisiri aliinama akaangalia gurudumu la nyuma kana kwamba hajawahi kuliona. Basi Bichage hakusema neno. Alishika mikono ya wilbaro, akamsukuma shemeji yake mlima mzima, polepole, akikwepa kila jiwe, na alipofika uani shati lake lote lilikuwa limelowa. Alikataa maji. Alisema ameacha wateja.

Mfupa wa mgongo wa Nyangi ulikuwa umepata ufa mwanzoni mwa mwaka, alipoteleza kutoka juu ya lori la mahindi. Sasa ulikuwa umeunga. Daktari wa Migori alimwambia anaweza kutembea, anaweza kukaa, anaweza hata kushona kutwa akitaka, mradi ainuke mara kwa mara ajinyooshe. Alimkataza kitu kimoja tu: asirushwe. Aliyasema hayo ndani ya ofisi yenye sakafu ya vigae. Nyumbani kwa Nyangi gari halikufika. Ilikuwepo barabara ile moja ya mawe na makorongo, na ilikuwepo pikipiki ya Gisiri, ndefu, ya kupandia milima, iliyouzwa na mradi wa maji ulipofunga ofisi. Kushuka kwa miguu kulimchukua asubuhi nzima, na akishafika chini hakuwa na nguvu ya kuinua hata mkasi.

Alasiri ileile alikuja Mourine, fundi cherehani mwenzake, msichana aliyejifunzia kazi kwake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyetumwa.

"Mwenye nyumba amekuja kwa chumba chetu cha kushonea, sokoni," alisema. "Shule zinakaribia kufunguliwa na walimu wameanza kuuliza uniform. Anasema nafasi yako kuna mtu anaitaka. Nimemwambia unarudi. Ameniuliza lini."

"Ukamwambia lini?"

"Nimenyamaza, mwalimu."

"Mwambie kabla ya shule kufunguliwa. Na cherehani yangu uifunike. Usikubali mtu aikalie."

Gesare, mama yake Gisiri, alikuwa akichambua mboga mlangoni, na hakuvumilia. "Wewe umetoka kuletwa na wilbaro, halafu unatoa ahadi? Kaa. Wanawake wangapi wamekaa nyumbani na hawajafa?"

"Mama, nikikaa hapa mwezi mwingine nitaanza kugombana na kuku," Nyangi alijibu. "Mgongo wangu umepona. Kilicho kigonjwa ni pikipiki. Mgonjwa anatafutiwa daktari."

"Nitamwambia Bichage ailegeze," Gisiri alisema kwa sauti ya chini.

"Bichage amekwisha kufanya yake. Safari hii nitachagua mimi, kwa sababu anayekaa nyuma ni mimi."

Gisiri angeweza kusema jambo wakati huo. Lakini mama yake alikuwepo, na Mourine alikuwepo, na siku ilikuwa imekwisha kumuaibisha vya kutosha. Alitoka nje kwenda kufunga ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Nyangi alianza kuchagua kwa kusikiliza. Alilala chini ya mti wa mparachichi ulio kando ya uzio na kusikiliza pikipiki zinavyopita. Nyingi zilipita zikigongagonga kama sufuria ndani ya gunia. Moja tu ilipita kimya. Ilikuwa ya Irine, daktari wa mifugo, aliyezunguka milima yote ile akichanja ng'ombe, na nyuma yake alibeba sanduku lililojaa chupa ndogo za kioo. Alipopita mara ya pili Nyangi alimwita.

"Daktari, chupa zako hazivunjiki?"

"Zilikuwa zinavunjika. Nusu ya dawa nilikuwa nachanja barabara." Irine alicheka. "Nilipeleka pikipiki kwa Boaz, Rodi Kopany. Anaseti shoki tu, zile zinazomeza mishtuko ya barabara, hafanyi kingine. Hata oili ya injini hakubadilishii."

"Rodi yote hiyo? Huko ni Homa Bay."

"Kuna wengine Migori mjini, wana duka kubwa zaidi. Nenda uwaone wote. Lakini ukiongea na fundi, mwangalie kama anakusikiliza ama anangoja umalize."

Kwa hiyo safari ikapangwa. Nyangi aliteremka mlima kwa miguu siku moja kabla, akalala kwa Mourine, na asubuhi akapanda kiti cha mbele cha Probox, gari dogo la abiria, huku Gisiri akifuata na pikipiki juu ya lami.

Duka la Migori lilikuwa na vioo mbele na shoki mpya zimepangwa ukutani kama simu. Kijana wa kaunta aliyevaa shati jeupe alimshika Gisiri mkono kwa mikono yake miwili.

"Boss, hii mashine ni kali sana. Tunakuwekea seti nzima mpya, mbele na nyuma. Utakuwa unaruka kama ndege."

"Sitaki kuruka," Nyangi alisema. "Nataka kukaa."

"Madam, kuna benchi pale, unaweza kupumzika tu. Tunaongea na mzee kidogo."

Nyangi hakwenda kwenye benchi. "Nauliza. Mnajua barabara ya kwetu, juu ya Kehancha?"

"Barabara ni barabara, madam."

"Na mkiweka hiyo seti, nikapanda, nikaumia, nikirudi hapa?"

Kijana aliinua kidole kuelekea kwenye kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KAZI IKITOKA HAIRUDI. Kisha akageuka tena kwa Gisiri, akamtajia bei, na akaongeza kwamba siku hiyo ana punguzo. Gisiri alizitazama zile shoki zinazong'aa. Kwa muda mfupi alijiona akipita nazo mbele ya watu waliocheka kando ya wilbaro.

Walipotoka nje alisema, "Lakini wana vifaa, Nyangi. Umeona vile vifaa?"

"Nimeviona. Ungekuwa unanunua ukuta tungechukua." Akafungua mlango wa gari mwenyewe. "Twende Rodi."

Gereji ya Boaz ilikuwa nyuma ya soko la Rodi Kopany, na jambo la kwanza mgeni alilokutana nalo lilikuwa picha za Boaz mwenyewe. Boaz juu ya pikipiki ya mashindano, Boaz amebeba kikombe, Boaz akiwa mwembamba. Sasa hakuwa mwembamba. Aliwapokea kwa kelele, akawaeleza mashindano ya Kisumu aliyoshinda na mashindano ya Eldoret aliyoibiwa ushindi, akaeleza mguu wake ulivyovunjika na ulivyoungwa vibaya, na Nyangi, aliyekuwa amechoka na kiti cha gari, alianza kujutia nauli.

Halafu Boaz akanyamaza ghafla, akaizunguka pikipiki. Aliikandamiza kwa nyuma kwa mikono miwili. Haikushuka.

"Nani anakaa nyuma?" aliuliza.

"Mimi."

"Panda basi. Mzee, na wewe panda. Kaeni vile mnakaa mkienda. Hata hiyo mkoba, ivae."

Walipanda. Boaz alipiga magoti, akapima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi alama aliyoiweka kwa chaki chini ya kiti. Akawashusha, akapima tena. Alitikisa kichwa. Kisha akavuta mtungi wa maziwa uliopinduliwa, akakaa juu yake mbele ya Nyangi.

"Mama, uniambie. Inakuuma ikishuka, ama inakuuma ikikurudisha?"

Nyangi alifikiri. Katika miezi yote ya hospitali, dawa na pole, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lililojua maumivu yake yako wapi namna hiyo.

"Ikinirudisha," alisema. "Ikishuka navumilia. Ikinirudisha ndiyo inanitupa."

"Ero kamano," Boaz alimshukuru kwa Kijaluo. "Sasa tuna kazi."

Alifungua shoki ya nyuma, akaitoa springi na kuiweka mezani. Ilikuwa nene kama kidole gumba. Aliichunguza, akatabasamu kidogo.

"Hii si yake. Hii imetoka kwa pikipiki ya mizigo. Nani aliifunga?"

"Shemeji yangu," Nyangi alisema. "Alituharibia."

"Hapana, hakuharibu. Angalia vile ameikata, angalia vile ameikalisha. Huyu mtu anajua kazi. Lakini ameifunga ya kubeba gunia, hajaifunga ya kubeba mtu. Na fundi haamki tu asubuhi akaweka springi kama hii. Ya namna hii mtu huiomba."

Gisiri alikuwa amesimama karibu na mlango. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mimi ndiye niliomba," alisema.

Nyangi aligeuka polepole, kwa sababu mgongo haukumruhusu kugeuka haraka.

"Ulikuwa hospitali," Gisiri alisema. "Nilitaka kubeba marobota mawili ya tumbaku kwa safari moja. Bichage alinikataza. Aliniambia, mke wako akirudi atakaa wapi? Nikamwambia aniwekee tu."

"Na siku ya wilbaro?"

"Nilinyamaza."

"Alinisukuma mlima mzima, Gisiri. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, na akanisukuma."

Boaz alijifanya anatafuta spana. Nje, mtu alikuwa akinadi dagaa wa omena kwa sauti. Nyangi aliitazama ile springi nene, na hasira ilipopanda hadi mwisho wake aliiona mbele yake pia ile tumbaku, na bili ya hospitali ambayo ilikuwa imelipwa, naye hakuwahi kuuliza imelipwa kwa pesa gani.

"Boaz, endelea," alisema. "Hayo mengine ni ya kwetu. Tutayamalizia kwetu."

"Sawa, mama. Lakini mzee anijibu kitu kimoja. Hii pikipiki haiwezi kuwa lori na kuwa kitanda. Mnataka gani?"

"Toa hiyo springi," Gisiri alisema.

"Na tumbaku?"

"Tumbaku itapanda punda."

Boaz aliweka springi laini zaidi, akamwaga oili ya zamani iliyokuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala, akatia mpya mbele na nyuma, na akafunga skrubu ndogo ya chini ili shoki ikishuka irudi taratibu. Alimpandisha Nyangi tena, akampima tena. Alipopokea pesa alisema jambo ambalo Gisiri hakulipenda na Nyangi alilipenda sana.

"Siwaahidi kitu. Barabara yenu sijaiona. Nikiwa nimekosea mtanipigia, na kurekebisha ni bure."

Alikuwa amekosea.

Mwanzoni haikuonekana. Lami ilipoishia Nyangi alishuka garini, akapanda nyuma ya pikipiki, akashika bega la mumewe kwa nguvu akingoja jiwe la kwanza, na jiwe la kwanza likapita chini yake kama mtu aliyepiga hodi akaondoka. La pili vilevile. Alianza kucheka. Gisiri naye akacheka, akaongeza mwendo kidogo. Kisha wakafika kwenye mawe yanayofuatana kabla ya korongo. Kila jiwe pikipiki ilizama, na kabla haijainuka jiwe jingine likaizamisha zaidi, na walipoingia korongoni ilikuwa imelala kabisa. Chuma kiligonga chuma. Nyangi alipiga kelele.

Safari hii hakulala chini. Alishuka, akashika mti, akapumua mpaka macho yakaacha kuona nyota, akapanda sehemu iliyobaki kwa miguu huku Gisiri akisukuma pikipiki kando yake kwa aibu.

"Mmeruka gereji ya mtoto wangu mkaenda kutafuta Wajaluo," Gesare alisema walipofika, "na mmerudi mkitembea."

Gisiri alikaa kwenye kizingiti. "Labda tungemwachia yule wa Migori," alisema.

"Yule wa Migori sasa hivi tungekuwa tunasoma kibao chake." Nyangi alikuwa tayari ameshika simu. Alimweleza Boaz kila kitu jinsi kilivyokuwa, mahali kilipoanzia na mahali kilipogonga. Upande wa pili kulikuwa kimya kirefu, jambo ambalo kwa Boaz halikuwa la kawaida.

"Mama, nimekosea," sauti ilisema mwishowe. "Jumatatu nakuja Isebania kuchukua vipuri. Nitapitia kwenu niione hiyo barabara kwa macho. Kuna gereji hapo chini yenye kompresa, na vaisi ya kubana shoki?"

Nyangi alimtazama mumewe. "Ipo," alisema.

Jumatatu aliteremka mapema, peke yake, akipumzika kila alipochoka. Bichage alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mteja na alimwona kwanza viatu.

"Shemeji."

"Toka huko chini. Siwezi kuomba msamaha kwa miguu yako."

Bichage alitoka, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Nilikusema vibaya mbele ya watu," Nyangi alisema. "Sikujua. Sasa najua. Kwa nini hukusema?"

"Ni kaka yangu mkubwa. Ningemwambia nini mbele ya mke wake?"

"Nisamehe."

"Imeisha, shemeji."

"Haijaisha, kwa sababu sasa nakuomba kitu kibaya zaidi." Akamweleza. Uso wa Bichage ulifungwa taratibu kama duka.

"Fundi atoke Homa Bay aje afungue shoki ya kaka yangu ndani ya gereji yangu. Wateja wangu wakiangalia."

"Ndiyo."

"Na mimi nifanye nini? Nimshikie spana?"

"Wewe umwambie barabara. Yeye haijui. Wewe umeipita tangu unasoma darasa la kwanza."

Bichage hakusema ndiyo wala hapana. Lakini Nyangi aliona anaondoa vyuma vilivyokuwa juu ya meza karibu na vaisi, kimoja kimoja, na kuifuta ile meza.

Gisiri alifika na pikipiki, na kabla hajazima injini walikuwepo waendesha boda wanne wamekaa kwenye benchi, baadhi yao waliokuwepo siku ya wilbaro. Alisimama katikati ya gereji. Alisema kwa sauti iliyozidi kiasi, kama mtu anayesoma risala kanisani, "Ile springi ngumu mimi ndiye niliyemlazimisha Bichage aweke. Alinikataza." Waendesha boda walitazamana. Bichage alisema, "Egesha vizuri, mura, umeziba njia," na Gisiri akaegesha vizuri.

Boaz alipoingia alimpa Bichage mkono kabla ya mtu yeyote. "Ni wewe ulifunga ile springi? Kazi safi."

Bichage aliupokea mkono, lakini hakucheka.

Boaz aliichukua pikipiki akapanda nayo mlimani peke yake, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. "Springi ni laini sana," alisema. "Nitaikaza." Akaanza kuifungua.

"Si springi," Bichage alisema.

Boaz aliinua macho.

"Pale juu mawe yanafuatana," Bichage alisema, akiweka ngumi tatu moja baada ya nyingine juu ya meza. "Moja, mbili, tatu, halafu korongo. Shoki yako inashuka vizuri, lakini inarudi kwa uvivu. Haijaamka, jiwe lingine limefika. Inalala zaidi. Ukifika korongoni haina pa kushukia tena. Ukikaza springi utamuumiza tena bure. Iache irudi haraka kidogo. Kidogo tu."

Boaz alizitazama zile ngumi. Alitazama mlimani.

"Omera," alisema hatimaye, "mama aliniambia inamuuma ikimrudisha, nikaifunga hiyo skrubu kama mfuko wa bahili." Akainama, akailegeza. "Hapa?"

"Kidogo tena."

"Hapa?"

"Simama. Hapo."

Nyangi hakuongozwa wala kubembelezwa. Alipanda mwenyewe, akaweka mkono mmoja kwenye bega la mumewe, akasema, "Twende hadi nyumbani na kurudi. Usipunguze kwenye mawe." Wakaondoka.

Boaz, ambaye hakuweza kukaa bila kushika kitu, aliiona pikipiki ya Bichage mwenyewe imeegemea ukutani, akaikandamiza kwa nyuma, akaguna. Bichage aliuliza anagunia nini. Boaz akamwambia. Bichage akakataa. Wakaifungua ili kuonyeshana, kompresa ikawashwa, na kwa kelele za kompresa na za Boaz hakuna aliyesikia chochote kilichokuwa kikipita barabarani. Walipoifunga tena jua lilikuwa limekwisha kuhama upande.

Bichage ndiye aliyeshtuka. "Hawajarudi."

Walitazamana. Kila mmoja aliliona lile korongo. Bichage aliwasha pikipiki, Boaz akapanda nyuma na mguu wake mbovu, wakapanda mlima kwa kasi. Kwenye mawe yanayofuatana hapakuwa na mtu. Korongoni hapakuwa na mtu. Kwenye nyasi za kando ya barabara mbuzi walikuwa wanakula. Walifika hadi uani, na Gesare akawatazama kwa mshangao.

"Mnatafuta nani? Walikuja, wakageuza hapahapa bila hata kushuka, wakateremka. Zamani."

Waliiona pikipiki ya Gisiri sokoni Kehancha, imeegeshwa mbele ya chumba cha mafundi cherehani. Gisiri alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshikishwa kitambaa cha kijani cha uniform, akingoja kuambiwa akilete. Ndani, Mourine alikuwa anamwita mtoto mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye mstari wa kina mama uliofika hadi nje, na Nyangi alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, mgongo wima, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni.

"Shemeji!" Bichage alisema mlangoni, akihema. "Tumekutafuta barabara yote!"

Nyangi alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola ya mtoto aliyesimama mbele yake.

"Barabarani nilishapita," alisema. "Sasa sogeeni hapo mlangoni, mnanizibia mwanga."

Wakasogea.